Kuteua Injini ya Utafutaji: Somo kwa Mifano ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akipewa kazi ya utafiti siku hizi, aghalabu hatua yake ya kwanza si kwenda maktabani bali ni kuandika maneno mawili matatu katika kisanduku cha Google na kungoja. Matokeo yakiwa maelfu, huchukua matano ya mwanzo. Yakiwa machache, huandika katika sura ya pili ya tasnifu yake ile sentensi ambayo wasimamizi wameizoea mno, kwamba mada hii "haijaandikiwa kwa kina". Makala haya yanaitilia shaka sentensi hiyo. Tunadai kwamba mara nyingi kinachokosekana si maandishi bali mlango ufaao wa kuyafikia, na kwamba injini za utafutaji ni kama nyavu za wavuvi wetu: jarife halikufumwa kwa dagaa, wala kimia hakikufumwa kwa papa.

Mifano ya Malindi na Kilifi tumeichagua kwa makusudi. Pwani hii imeandikwa kwa karne nyingi na kwa lugha nyingi. Wareno waliofika na Vasco da Gama mwezi wa Aprili 1498 waliuandika mji huo Melinde. Kumbukumbu za Kichina za enzi ya Ming zinataja twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415. Wamisionari wa Rabai waliandika kwa Kijerumani na Kiingereza, nao Waitaliano wameandika habari za kituo chao cha anga cha Ngomeni. Juu ya hayo kuna maandishi ya Kiswahili chenyewe, ya hati za Kiarabu na za Kirumi. Kila kundi lilikuwa na tahajia yake. Mtafutaji anayejua tahajia moja anapata fungu moja tu la habari, na hana njia ya kujua kwamba mafungu mengine yapo.

Neno moja kuhusu istilahi. Wako wanaosema mtambo wa kutafutia, wako wanaosema kitafutio. Sisi tutatumia injini ya utafutaji, na pengine injini tu. Mjadala wenyewe tunawaachia wanaleksikografia, ambao wamehangaika na tarakilishi, ngamizi na kompyuta kwa miaka mingi na bado hawajaafikiana.

Injini inavyofanya kazi

Injini haipekui mtandao mzima wakati unapoiuliza. Kazi hiyo imekwisha kufanywa. Programu maalumu hupita kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo, hunakili zilichokiona na kuunda faharasa kubwa. Unapouliza, faharasa hiyo ndiyo inayopekuliwa, kisha majibu yakapangwa kwa kanuni fulani. Hapa pana mambo mawili ambayo mtafutaji asiyasahau. Kile kisichomo katika faharasa ni kama hakipo, hata kama kimejaa makabati mazima Nairobi. Na mpangilio wa majibu hutokana na kanuni iliyobuniwa na watu. Jibu la kwanza si lazima liwe jibu la kweli.

Historia yenyewe ni fupi. Archie, iliyobuniwa mwaka 1990 na Alan Emtage, mzawa wa Barbados aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, ilitafuta majina ya faili tu. Yahoo ilianza mwaka 1994 ikiwa orodha ya tovuti iliyopangwa na binadamu. AltaVista ya mwaka 1995 ilipekua maneno yaliyomo ndani ya kurasa, na waliokuwa vyuoni mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaikumbuka. Ilifungwa mwaka 2013. Google, iliyoasisiwa mwaka 1998, ilitia nguvu wazo la kuhesabu viungo: ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingi zenye heshima huhesabiwa kuwa na uzito. Kanuni nyingi zimeongezwa tangu hapo, lakini athari ya wazo lile kwa pwani yetu ni dhahiri. Andika neno Malindi pekee, na aghalabu utapokewa na hoteli, fuo na safari za ndege, kwa kuwa utalii ndio wenye kurasa nyingi na viungo vingi. Wala si njama ya mtu. Ni hesabu tu. Ukiwa na bahati mbaya zaidi utachanganyiwa na Malindi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar pamoja na klabu yake ya kandanda.

Kiswahili nacho kina tatizo lake. Katika Kiingereza maumbo ya neno hutofautiana zaidi mwishoni, na injini zimefunzwa kwa muda mrefu kuyalinganisha. Kiswahili hubadilika mwanzoni, katikati na mwishoni: wanavua, waliovua, kuvuliwa, mvuvi, uvuvi. Mwanamofolojia huona mzizi mmoja hapo. Injini huenda ikaona maneno matano yasiyojuana. Ongeza tofauti za lahaja, kama vile utenzi wa Kiunguja na utendi wa lahaja za kaskazini, na tatizo linakua. Kwa hiyo mtafutaji wa Kiswahili hana budi kujifanyia kazi ambayo mwenzake wa Kiingereza hufanyiwa, yaani kuuliza kwa maumbo kadhaa. Jambo la kufurahisha ni kwamba elimu ya ngeli na minyambuliko, ambayo wengi huidhania haina faida nje ya chumba cha mtihani, ndiyo inayompa mwanafunzi wetu nguvu hapa.

Mekatilili na tahajia zake

Tarehe 9 Agosti 2020 Google iliiweka picha ya Mekatilili wa Menza mahali pa nembo yake. Shujaa huyu aliyeongoza upinzani wa Wagiriama dhidi ya utawala wa Kiingereza miaka ya 1913 na 1914 alitazamwa siku hiyo na watu ambao pengine hawakuwahi kumsikia. Mtu angedhani basi kwamba injini iliyomtukuza hivyo itakuwa ya kwanza kutuonyesha yaliyoandikwa juu yake. Tulijaribu, na tuliyoyapata yanafaa kuwa somo.

Jina Mekatilili likiandikwa katika utafutaji wa kawaida, huja makala za magazeti, kurasa za wasifu na video. Nyingi husimulia kisa kilekile: kuku na vifaranga vyake mbele ya Mzungu, kukamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, kupelekwa Kisii, kutoroka na kurudi kwa miguu. Ukisoma kurasa kumi unahisi umesoma vyanzo kumi, kumbe umesoma kimoja kilichonakiliwa mara kumi. Kwa msomaji anayetaka kujua tu Mekatilili ni nani, hilo linatosha, na Google au Bing itamfaa sawasawa. Kwa anayeandika tasnifu halitoshi hata kidogo.

Mwanahistoria Cynthia Brantley alichapisha mwaka 1981 kitabu kizima juu ya Wagiriama na upinzani wao, The Giriama and Colonial Resistance in Kenya, 1800–1920, na mwaka 1986 makala maalumu juu ya nafasi ya wanawake katika upinzani huo. Katika anwani ya makala hiyo jina limeandikwa Mekatalili, kwa irabu a. Herufi moja! Injini nyingine hukisia kwamba ni mtu yuleyule, nyingine hazikisii; na unapolifunga jina katika alama za mtajo, kama tunavyowafundisha wanafunzi wafanye, unaiamuru injini isikisie. Hivyo nidhamu tunayoisifu ndiyo inayoweza kukificha chanzo muhimu kuliko vyote.

Jina la kabila nalo lina safari yake. W. E. Taylor, aliyechapisha msamiati wa lugha hiyo mwaka 1891, aliandika Giryama. Arthur Champion, afisa wa kikoloni aliyekabiliana na Mekatilili, aliacha maandishi yaliyochapishwa mwaka 1967 kwa anwani The Agiryama of Kenya. Krapf na Rebmann huko Rabai waliandika Wanika. Neno Mijikenda, ambalo sisi hulianzia kila utafutaji, lilienea katika miaka ya 1940 tu. Tafakari maana yake: mwanafunzi anayeandika Mijikenda peke yake katika kisanduku amejifungia nje karibu karne nzima ya maandishi ya awali, yenye kamusi, barua na masimulizi ya safari. Ni kweli kwamba Wanyika ni jina la dharau na hatulitumii katika matini zetu. Lakini kuliandika katika kisanduku si kulikubali, ni kuufungua mlango kwa ufunguo wa aliyeufunga.

Sasa, milango yenyewe. Kwa makala za kitaaluma tumia Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, kwa sababu hukuonyesha pia ni nani aliyeinukuu kazi fulani baadaye. Ukianza na Brantley wa 1981 au Thomas Spear wa 1978 na kufuata walioinukuu, utafika kwenye kazi za juzi bila kutegemea tahajia hata moja. Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kuliko zote kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili. JSTOR hufaa kwa majarida ya zamani, ikiwa chuo chako kimelipia.

Kwa vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki, nenda Internet Archive, Google Books au HathiTrust. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 na methali alizozikusanya Taylor mwaka 1891 unaweza kuzipakua kutoka Internet Archive bila malipo. Lakini jihadhari na mambo mawili. Kisanduku cha Internet Archive, usipokiagiza vinginevyo, hupekua anwani na maelezo ya kitabu, si maneno yaliyomo. Lazima uteue upekuzi wa matini nzima. Tena, vitabu hivi vilisomwa na mashine kutoka kwenye picha za kurasa, na mashine hubabaika mbele ya chapa za karne ya 19. Krapf mwenyewe aliandika Suahili katika anwani yake. Neno usipolipata, funua kurasa mwenyewe kama kitabu cha karatasi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Miswada ya hati za Kiarabu ni mlango mwingine kabisa. Chuo cha SOAS, London, kina mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili, ukiwemo ule wa Taylor, na kimetengeneza orodha yake katika mtandao. Injini za kawaida hazilisomi ubeti la hati hizo; linalopekuliwa ni maelezo yaliyoandikwa na waorodheshaji. Kwa hiyo hapo tafuta kwa jina la mtunzi, la mkusanyaji au la utenzi, wala usitafute kwa maneno ya ndani.

Na mwisho wa mambo yote hayo, barua na ripoti za maafisa wa mwaka 1913 zinatafutwa katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue, Nairobi. Huko injini ni karani wa chumba cha kusomea, naye hujibu vizuri zaidi ukimwamkia kwanza.

Gede, Gedi, na itikadi ya maneno

Wenyeji husema Gede. James Kirkman, aliyefukua magofu hayo kuanzia mwaka 1948, alichapisha kitabu chake mwaka 1954 kwa anwani The Arab City of Gedi. UNESCO ilipouingiza mji huo katika orodha ya Urathi wa Dunia mwaka 2024, ilitumia Gedi pia. Kwa hiyo andika yote mawili.

Lakini mfano huu una funzo zito kuliko irabu ya mwisho. Ukitafuta kwa maneno yenye maana ya "mji wa Waarabu", injini itakuletea kizazi cha Kirkman, kilichoamini kwamba mawe na misikiti ya pwani ni kazi ya wageni. Ukitafuta kwa maneno yenye maana ya "miji ya mawe ya Waswahili", itakuletea wanaakiolojia waliofuata, akiwemo Chapurukha Kusimba na kitabu chake cha mwaka 1999 juu ya kukua na kuanguka kwa dola za Waswahili, ambao waliwarudishia wenyeji miji yao. Injini haikuambii kwamba kuna mjadala. Inakurudishia msimamo uliomo tayari ndani ya maneno uliyoyaandika. Mhadhiri anayesahihisha insha anaweza kukisia mwanafunzi aliandika nini katika kisanduku kwa kutazama tu marejeleo yake.

Haja za nyumbani

Si kila anayetafuta anaandika tasnifu. Tuanze na ardhi, kwa sababu katika Malindi na Magarini hakuna swali linalowatia watu mashaka zaidi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wayawasilishe. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali, na familia nyingi za Wamijikenda zikajikuta maskwota juu ya makaburi ya mababu zao. Mzee akimwagiza mjukuu wake aliye chuoni amtafutie habari za haki yake, mjukuu huyo akiandika swali katika injini ya kawaida huenda akapata ukurasa wa zamani unaoieleza sheria hiyo kana kwamba ingali hai. Ilifutwa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ndiyo iliyochukua mahali pake na pa nyingine kadhaa. Familia inaweza kwenda mahakamani na karatasi iliyokufa.

Kwa jambo hili mlango ni tovuti ya Kenya Law, inayochapisha sheria na hukumu za mahakama. Humo unaweza kutafuta hukumu za mahakama ya Malindi kwa neno na kwa mwaka. Matoleo ya zamani ya Gazeti la Serikali yanasomeka katika Google Books. Swali la nani amesajiliwa kuwa mmiliki wa kiwanja fulani halijibiwi na injini yoyote ya kawaida. Lina upekuzi wake rasmi, kwa nambari ya kiwanja, katika usajili wa ardhi wa serikali. Anayenunua kiwanja kwa kuwa aliona tangazo lake likiwa la kwanza kwenye Google amenunua tangazo.

Afya inafuata. Mti unaoitwa mwarubaini, yaani utibuo maradhi arubaini, una jina jingine ambalo wanafunzi wa Kilifi wanapaswa kujivunia: mkilifi. Tafuta jina lolote la Kiswahili katika injini ya kawaida na utapata sifa tele, nyingi zikiwa za wauzaji. Jina la kisayansi, Azadirachta indica, likiandikwa katika PubMed, injini ya maandishi ya kitabibu iliyoanza mwaka 1996, unapata mambo mengine kabisa, zikiwemo ripoti za watoto wachanga waliodhurika vibaya baada ya kunyweshwa mafuta ya mbegu za mti huo. Mama mwenye mtoto mgonjwa anastahili kuliona hilo kabla ya kuiona bei ya chupa. PubMed hiyohiyo ndiyo inayohifadhi muhtasari wa tafiti za malaria zilizofanywa Kilifi na kituo cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa mwaka 1989. Ni kinaya kwamba utafiti uliofanywa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Chuo Kikuu cha Pwani unasomwa kwa Kiingereza tu, na hapa wanafunzi wa tafsiri wana kazi inayowangoja.

Maswali ya ugonjwa huzaa swali la siri. DuckDuckGo, iliyoanza mwaka 2008, inatangaza kwamba haihifadhi historia ya utafutaji wa mtu, nayo inafaa kwa anayeuliza jambo asilotaka limfuate kwa matangazo. Hata hivyo, katika saiba ya Malindi au maabara ya chuo, tarakilishi yenyewe huweka kumbukumbu ya kurasa zilizofunguliwa, na anayekaa kitini baada yako anaweza kuzisoma. Injini nzuri haikusitiri na jirani. Futa kumbukumbu hizo, au fungua dirisha la faragha kabla ya kuanza.

Takwimu zina mtego wa kiutawala. Malindi ilikuwa wilaya kamili. Chini ya Katiba ya 2010 ikawa sehemu ya Kaunti ya Kilifi. Sensa ya 2019 inaipa kaunti hiyo watu 1,453,787, na ya 2009 watu 1,109,735. Anayelinganisha idadi ya "Kilifi" ya kabla ya hapo na ya sasa analinganisha wilaya na kaunti, ambavyo mipaka yake si mmoja. Nenda moja kwa moja kwenye tovuti ya Shirika la Takwimu la Kitaifa, au iagize injini ya kawaida ipekue tovuti za serikali pekee kwa kuongeza site:go.ke. Kwa tovuti za vyuo vyetu, andika site:ac.ke. Agizo hili dogo linaokoa saa nzima.

Kuhusu bahari tuseme machache. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na mvuvi wa Malindi hahitaji injini kujua hilo. Anayetaka saa kamili ya maji kujaa na kupwa atafute jedwali la maji la Kilindini au la Malindi kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili bado hakuna ukurasa wa kutegemewa, na hilo ni pengo letu wenyewe.

Neno lenye maana nyingi

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti ikaitwa Uhuru. Sasa jaribu kuitafuta. Utapata rais mstaafu, bustani, barabara na makala za kila sikukuu. Hapa ndipo alama ya kutoa inapofaa: Uhuru satellite -Kenyatta. Kituo chenyewe kimeandikiwa sana kwa Kiitaliano, hasa kwa jina la Luigi Broglio, kwa hiyo anayesoma Kiitaliano, na Malindi hawakosekani, ana mlango wa ziada.

Picha

Mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024 nchini Kenya yalisambazwa kwa picha nyingi katika simu za mkononi. Picha ikidai kuwa ni Mto Sabaki jana jioni, usiitafute kwa maneno. Itafute kwa picha yenyewe. TinEye, iliyoanza mwaka 2008, hukubali uipange orodha yake kuanzia picha iliyoonekana zamani zaidi, na hapo picha ya nchi nyingine ya miaka kumi nyuma hujifichua. Google Lens ni hodari zaidi wa kutambua mahali na vitu, lakini haikusaidii vivyo hivyo kuhusu tarehe. Hizi ni haja mbili tofauti, na wengi huzichanganya.

Mitambo inayojibu kwa sentensi

Tangu ChatGPT ilipotokea mwezi wa Novemba 2022, wanafunzi wengi hawatafuti tena. Wanauliza na kujibiwa kwa aya nzima, na Google yenyewe sasa hutanguliza muhtasari wa aina hiyo. Mitambo hii ina manufaa. Mtu asiyejua aanzie wapi anaweza kuiomba imtajie tahajia mbalimbali za jina, au istilahi za Kiingereza za jambo analolijua kwa Kiswahili, kisha akaenda nazo kwenye injini zilizotajwa hapo juu. Kwa kazi hiyo tunaisifu bila kusita.

Lakini mtambo huu hutunga sentensi inayoelekea kuwa sawa, na mara nyingine hutunga hata kitabu: anwani ya kuvutia, mwandishi wa kweli, mwaka unaokubalika, na kazi ambayo haijawahi kuwapo. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mada zilizoandikiwa machache katika mtandao, kama fasihi simulizi ya Wagiriama au Wachonyi, kwa sababu mtambo una kidogo cha kuchota na haukosi la kusema. Kila rejeleo ulilopewa kwa njia hii liandike katika WorldCat, ambayo ni orodha ya pamoja ya maktaba nyingi za dunia, au katika Google Scholar. Lisipoonekana kwa tahajia yoyote, usiliandike. Msimamizi akilitafuta na kulikosa, hataulaumu mtambo.

Zoezi

Mto uingiao baharini kaskazini mwa Malindi huitwa Athi kwao juu, Galana ukishapokea maji ya Tsavo, na Sabaki karibu na mdomo wake. Jina hilo la mwisho pia ni la kundi la lugha ambamo Kiswahili na lugha za Mijikenda zimo, kama walivyolieleza Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993. Andaa maswali matatu ya utafutaji: moja la kupata hali ya mafuriko ya mto huo, la pili la kupata kazi za isimu historia, na la tatu la kupata masimulizi ya wasafiri wa karne ya 19 waliouvuka. Kwa kila moja taja injini uliyoiteua, maneno uliyoyaandika, tahajia ulizozijaribu, na uliyoyaacha kwa makusudi. Kisha mpe mwenzako maneno yako bila kumwambia injini, naye aone kama atakisia ulikuwa ukitafuta nini.